Mtoto wa Miaka 3 Anatupita kwa El na La

Haya wapendwa, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi! Bado niko Madrid, na kelele mnayoisikia huko nyuma ni jirani anatoboa ukuta, mvumilieni.

Leo ni el na la, vile vijineno vinavyotangulia nomino za Kihispania. Kwenye Kihispania kila nomino ina jinsia: meza ni la mesa, ya kike, kitabu ni el libro, cha kiume. Meza imekuwaje mwanamke, usiniulize mimi. Ukifika huku unapewa kanuni ya fasta: neno likiishia na o ni la kiume, likiishia na a ni la kike. Unatamba nayo mpaka ukutane na la mano, mkono, halafu el mapa, el día, el problema.

Watoto wao hawapewi kanuni yoyote, na wanatupita mbali. Casey Lew-Williams na Anne Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti wao mwaka 2007. Mtoto wa miaka kama 3, aliyekulia kwenye Kihispania, anaonyeshwa picha mbili, kisha anaambiwa atafute la pelota, mpira. Picha zote zikiwa za la, anangoja asikie jina. Lakini moja ikiwa ya la na nyingine ya el, tuseme el zapato, kiatu, macho yanawahi kwenye mpira, maana la imeshamdokeza. Ni sehemu ndogo tu ya sekunde, ila huyo ni mtoto ambaye hata kamba za viatu anafungiwa! Watu wazima wazawa nao hivyo hivyo.

Mwaka 2010 wakaja na matokeo ya watu kama sisi, tuliojifunza ukubwani. Kwa maneno waliyokwisha kuyazoea, el na la hazikuwaharakisha; walingoja nomino. Kanuni unaweza kuwa nayo kichwani, ila mwenye duka akishaanza kukumiminia maneno, inachelewa kufika.

Kwa nini? Maelezo yanayoniingia akilini zaidi ni ya Inbal Arnon na Michael Ramscar, 2012. Walitunga kilugha cha bandia wakawafundisha watu wazima. Walioanza na sentensi nzima walishika vizuri zaidi kijineno kipi kinakwenda na nomino ipi kuliko walioanza na nomino peke yake. Mtoto anasikia lapelota kama kitu kimoja, baadaye ndiyo anakitenganisha. Sisi darasani tunapewa orodha: mesa, libro, zapato, kisha tunaambiwa tubandike el na la. Hapo walimu wanatuponza, nawaambia ukweli.

Na sisi wa ngeli tusijione wageni kabisa. Mtu akisema "Kimevunjika...", umeshaacha kufikiria sahani, unatafuta kikombe. Ubongo unaoteta na el na la kazi hiyo unaijua tangu utotoni. Ila kuna mtego: kwetu uhai unashinda umbo, ndiyo maana tunasema kifaru amelala, si kifaru kimelala. Wao hapana. Persona, yaani mtu, ni ya kike hata ukimsema babu mwenye ndevu: es una buena persona, ni mtu mwema.

Sasa nyie mnaolea watoto huku nje kwa Kiswahili, niandikieni hapo chini: ngeli ipi walianza kuipatia, na ipi mpaka leo inawagomea? Wangu wa dada anasema "kiti yangu" na hataki kurekebishwa.