Neno "oversight" na zamu zangu mbili za usiku

Ndugu zangu wa nyumbani, habari za saa hizi. Hapa Leicester, Uingereza, ni saa mbili asubuhi, ndiyo nimetoka zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kabla sijalala nawapa neno moja la Kiingereza: oversight.

Mshahara wangu uliwahi kuingia pungufu, zamu mbili za usiku hazimo. Nikamwandikia meneja. Akajibu kwa mstari mmoja: "This was an oversight." Mimi najua over ni juu, sight ni kuona, na oversee ni kusimamia. Nikaelewa kwamba wakubwa wamekagua, wameamua hivyo. Nikanyamaza. Mwezi uliofuata hela haikuja. Niliumia sana, maana ada ya mdogo wangu ilitegemea hizo zamu.

Mwenzangu mmoja Mnigeria alipousoma ule ujumbe akaniambia: dada, huyu anakiri kosa! Amesema walipitiwa.

Sasa hilo over lina mambo. Overseas ni ng'ambo, huku niliko. Oversleep ni kupitiliza usingizi. Overhear ni kuyanasa maneno ambayo hukuambiwa wewe. Overlook ndiyo inachanganya zaidi: chumba kinachotazama bustani kina-overlook bustani, na karani aliyeliruka jina lako bila kuliona naye kali-overlook. Ukikata neno vipande ukajumlisha maana, utapotea kama nilivyopotea mimi.

Lakini sisi Waswahili tunalo jambo hilihili, tena kwa kitenzi kimoja. "Nimeipitia ripoti," maana yake umeikagua. "Samahani, nilipitiwa," maana yake umesahau. Oversight imebeba yote mawili, kupitia na kupitiwa. Nilipoliona hilo, neno likakaa kichwani moja kwa moja.

Dalili ya kuzitofautisha ipo. Ikiandikwa "an oversight", imesimama peke yake na hiyo an mbele, ni kosa la kupitiwa. Ikiwa oversight tupu, kama "oversight of public money", ni usimamizi. Ila ukikuta "an oversight committee" usishtuke, ile an ni ya kamati, nayo ni kamati ya usimamizi.

Nilimwandikia meneja tena, nikaweka tarehe za zamu zote mbili na saa nilizoingia na kutoka. Ijumaa ya wiki hiyo hela ikaingia.