Wakati wa Kukata Mizizi ya Bonsai

Ndugu zangu mlio nyumbani, wengi mmeniuliza ni mwezi gani unaofaa kukata mizizi ya bonsai, yaani miti inayokuzwa chunguni ikiwa midogo, nami nimekawia kujibu kwa sababu mwezi ninaoutumia huku ugenini ungeweza kuiua miti yenu.

Mti huu wa mepo mnaouona mezani, wenye majani mfano wa kiganja, hupukutisha majani yote wakati wa baridi na kuhifadhi wanga katika mizizi na shina. Baridi inapokaribia kwisha, matumba huanza kuvimba, na hicho ndicho kipindi kifupi cha kuutoa chunguni na kuukata mizizi, kwa kuwa akiba ya chakula bado ipo na hakuna jani linalopoteza maji. Majani yakishakunjuka, akiba hiyo imekwisha tumika, na mti utakaonyang'anywa mizizi wakati huo utaendelea kupoteza maji bila kuwa na njia ya kuyarudisha. Nilipoteza mti niliokuwa nimeulea miaka minane kwa kuchelewa majuma matatu tu, na hadi leo unaniuma.

Miti ya jamii ya mkuyu haina usingizi huo wa baridi. Yenyewe hukatwa mizizi wakati wa joto, inapotoa majani mapya kwa nguvu, kwa sababu udongo wenye joto huharakisha kuota kwa mizizi mingine. Mbuyu, unaopukutisha majani wakati wa kiangazi, usubiriwe hadi uonyeshe dalili za kuamka, kisha vidonda vya mizizi viachwe vikauke kabla ya kumwagilia.

Suala la matawi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Wapo wanaoshauri kwamba ukikata mizizi, upogoe na matawi siku hiyo hiyo ili juu na chini vilingane. Mimi sikubaliani nao, hasa kwa mti dhaifu, kwa maana ncha za machipukizi ndizo zinazoteremsha homoni inayochochea mizizi kuota, na majani ndiyo yanayotengeneza chakula cha kuijenga. Ukiviondoa vyote pamoja, mti unaponea wapi? Kwa kawaida sizidishi theluthi moja ya mizizi; kisha naufunga mti chunguni kwa waya usitikisike, kwa kuwa mtikisiko hukata vinyweleo vichanga vya mizizi, nami siweki mbolea hadi nione ukuaji mpya. Msonobari usiuoshe udongo wote kwa mara moja, kwani humo mna kuvu wanaoisaidia mizizi yake.

Tazameni tawi hili nene la kushoto. Haliko mahali pake, na ninatamani kulikata leo. Lakini mizizi ya mti huu niliikata majuma sita yaliyopita, kwa hiyo tawi litabaki hapo hapo hadi mwakani.