Msiwaue Vyura Wenu Siku Wanapoota Mikono

Ndugu zangu mnaofuga vyura nyumbani, asanteni kwa kuja na mvua hii. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalisema tena, kwa sababu kila masika napata ujumbe uleule kwenye simu: "Mwalimu, viluwiluwi wangu jana walikuwa wazima, leo asubuhi wanaelea, wamekufa wote." Nikiuliza walikuwa wamefikia hatua gani, jibu halibadiliki. Walishaota miguu minne. Na mtu anaongeza kwa uchungu kwamba walibakiza kidogo tu kuwa vyura.

Nataka tukae hapo. Namna ya kupata mayai na kuchemsha mchicha wa kuwalisha viluwiluwi mnaijua, watoto wenu wa darasa la tano wanaijua. Kinachowaua wanyama hawa majumbani ni zile siku chache za mwisho, na karibu kila mara wanauawa na mtu anayewapenda.

Kiluwiluwi huota miguu ya nyuma kwanza. Mnapiga picha, mnaonyesha majirani, na kwa kweli wakati huo hatari si kubwa. Mikono nayo inakua kimyakimya chini ya ngozi, huioni, halafu inachomoza ghafla, mara nyingi mmoja ukitangulia mwenzake. Kuanzia saa hiyo una mnyama mwingine kwenye beseni. Ule mdomo wa kukwangua mwani unavunjwa na kuundwa upya uwe mdomo wa kumeza wadudu. Utumbo mrefu uliojiviringisha, utumbo wa mla majani, unafupika. Matamvua yanakwisha, mapafu yanashika kazi. Siku hizo hali kitu. Anaishi kwa kuuyeyusha mkia wake mwenyewe, na ndiyo maana mkia unapungua kila ukimtazama.

Sasa wewe umemwacha kwenye beseni la plastiki, kuta zimesimama wima, zinateleza, maji yana kina cha kiganja. Apande wapi? Anahitaji hewa na hawezi tena kuogelea kama zamani, maana mkia ndio uliokuwa kasia lake. Anapiga miguu mpaka anachoka. Anakufa maji, yeye aliyeanguliwa majini, na mwenye beseni ananiambia labda ni dawa ya maji ya bomba. Dawa ingewaua wiki ya kwanza!

Dawa yake ni kipande cha tofali. Kiweke chini ya upande mmoja wa beseni, maji yakimbilie upande wa pili, na huo ulioinuka uutandaze mchanga na majani makavu yaliyoloweshwa. Basi. Atatoka mwenyewe saa atakayotaka, huna haja ya kumshika. Lakini fanyeni hivyo mnapoona miguu ya nyuma. Mkingojea mikono, itachomoza usiku mmelala. Na siku hiyohiyo hakikisheni chandarua juu ya beseni kimekazwa, kwa sababu kichura mwenye ngozi mbichi hupanda hata ukuta wa plastiki ukiwa na unyevu.

Kuna atakayeniambia, "Mwalimu, mimi niliweka jiwe, wakatoka vizuri, wakafa baada ya wiki." Nakuamini. Hao walikufa njaa. Kichura akitoka majini hafiki hata sentimita moja, na chura hali kitu kisichojongea. Ukimwekea wali hauoni. Ukimwekea mchicha aliokuwa akiula juzi, hauoni. Ukimwekea mende, mende ni mkubwa kuliko yeye. Anataka vidukari, na hawa wamejaa kwenye machipukizi ya kunde. Kata kitawi kizima ukiweke ndani. Anataka mchwa wadogo na vile vijinzi vinavyozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Vijinzi hivi unavifuga: ndizi mbivu ndani ya chupa, iache wazi siku mbili wavamie, kisha uifunge kwa kitambaa chepesi. Kwa joto la Dar es Salaam utakuwa na kizazi kipya baada ya wiki moja na kitu. Kwa hiyo chupa ya ndizi inaanza kabla vichura hawajatoka. Mtu anayeanza kutafuta chakula siku waliyotoka ameshachelewa. Na tafadhali, chumba chenye beseni kisipulizwe dawa ya mbu.

Hapa ndipo hesabu inapoingia. Huyu chura wetu mnene wa mitaroni, wataalamu wanamwita Sclerophrys gutturalis, jike lake hutaga mayai kwa utepe mrefu, na mara moja anaweza kupita elfu kumi. Mtu anaukuta utepe wote kwenye shimo la maji pale Msimbazi au nyuma ya ukuta wake Mbezi, anaubeba wote. Kwa nini? Utawalisha elfu kumi kwa chupa ngapi za ndizi? Kata kipande kifupi kama kidole, kilichobaki kiache palepale. Viluwiluwi thelathini kwenye beseni pana ni wengi. Wakizidi, uchafu wao wenyewe unawatia sumu, wanadumaa, wanatafuna maiti za wenzao. Najua kuna wanaoona ni ukatili kuwaacha wengine kwenye dimbwi linaloweza kukauka. Ukatili ni kuwapeleka elfu kumi nyumbani ukawazike bustanini.

Sasa mbu. Swali hili naliheshimu, kwa sababu mji huu umeugua dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wa dengi anataka chombo kama hicho hasa, ndoo au beseni lililotulia karibu na watu. Msidanganywe kwamba viluwiluwi wa chura watamaliza wale wa mbu. Wa chura hawa chakula chao kikubwa ni mwani na mabaki yaliyooza. Kinachozuia mbu ni chandarua kilichokazwa pande zote, tangu siku ya mayai. Balozi wa nyumba kumi akija, mfunulie aone. Na jirani akisema unafuga vitu vya kichawi, usigombane naye. Mwite na wanawe waone mikono inavyochomoza. Nimeona mitaa ambako watoto walikuwa wanawarushia vyura mawe, sasa wanawasogeza barabarani gari lisiwakanyage.

Wengine wananiuliza habari za chura wa Kihansi, wanataka kumfuga. Hapana. Yule aligunduliwa mwaka 1996 kwenye mvuke wa maporomoko ya mto Kihansi, bwawa la umeme likaupunguza mvuke, akatoweka porini. Walichukuliwa 499 mwaka 2000 kupelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, na baadaye Toledo. Huko nako walikufa wengi kabla wataalamu hawajajua kuwatunza. Mwaka 2010 vyura mia moja walirudi hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Tena yule hana kiluwiluwi kabisa, anazaa vichura kamili. Lakini angalieni: wataalamu wenye maabara nao wanalala na kuamka wakiwazia wadudu wadogo wa kumlisha.

Naona naonyeshwa saa, nakimbia. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima kabla ya kutumia. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Ukiyaonja ukaisikia, usiyatumie. Badilisha robo ya maji, usimwage yote.

Kuwaachia: rudisha bonde lilelile ulikotoa mayai, na wenye vidonda au waliolegea usiwaachie. Msipeleke vyura Zanzibar wala Mafia kwa kuwa eti wanakula wadudu. Chura wetu huyuhuyu alipelekwa Morisi mwaka 1922 akamalize wadudu wa miwa, na hadi leo anakula konokono na wadudu wasiopatikana kwingine duniani. Anayetaka kuuza, aanzie ofisi ya wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 ipo.

Sumu ya chura huyu iko kwenye zile tezi nyuma ya macho yake. Kumshika hakukuoteshi chunjua, ila nawa kabla hujagusa macho. Nilitaka kueleza namna ya kuwazalisha vyura wakubwa kwa kuwanyeshea maji ya bomba kama mvua, hilo tutalifanya siku nyingine. Maswali. Nianze na mama yule wa nyuma, ameinua mkono tangu nilipotaja visima.