Land Cruiser Inavuja Chini: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Sili

Karibuni wadau. Gari iliyo mbele yenu leo ni Land Cruiser HZJ75, injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, mkonga halisi. Mwenyewe kaja na lalamiko moja: difu ya nyuma, yale maboksi ya gia katikati ya ekseli, inavuja. Keshabadilisha mara mbili sili ya pinioni, yaani mpira unaozuia oili pale shafti ya gia ndogo inapotokea mdomoni mwa difu, na kila mara inakaa kavu wiki chache halafu inaanza upya. Alitaka leo tuweke ya tatu. Nimemwomba asubiri. Sili nzuri ikikaa kwenye chuma kizima inatembea maelfu ya kilomita bila kukusumbua. Ikifa mapema, kuna kitu kinaiua, na hicho ndicho tunachokitafuta.

Kama wewe una Patrol au Hilux ya zamani yenye ekseli nzima mbele, endelea kutazama. Kazi kwa sehemu kubwa ni ileile, ila saizi za spana zinatofautiana.

Weka gari sehemu tambarare. Magogo kwenye matairi, piga jeki, kisha stendi chini ya ekseli. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hatuingii. Halafu angalia mkono mdogo wa transfa, lile boksi nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiwa kwenye N, hata uweke gia ya kwanza gari itabingirika, kwa sababu giaboksi imeshatenganishwa na matairi. Wengi hili hawalijui mpaka siku gari inapoteleza kwenye stendi.

Sasa, hapa chini mnaona nini? Matope, vumbi, oili, kila kitu kimegandana. Fundi akikuambia hapa sili fulani imekufa, anabahatisha. Oili haikai pale ilipotokea. Inashuka, na gari ikitembea upepo unaisukuma nyuma. Oili ya injini inaweza kupita chini ya giaboksi, ikafika transfa, ndipo ikadondoka. Wewe unaona tone chini ya transfa, unafungua transfa nzima bure.

Kwa hiyo tunaosha. Brashi na dizeli kidogo kwenye oili iliyoganda, kisha sabuni na maji. Petroli usitumie, hasa kama unafanya kazi karibu na jiko la mtu au kuna anayevuta sigara. Kama una mashine ya presha, usiielekeze moja kwa moja kwenye sili wala kwenye vipumulio vya ekseli. Maji yataingia ndani na utakuwa umeongeza tatizo la pili. Acha gari ikauke kabisa.

Ikishakauka, chukua poda ya watoto, ile ya dukani. Pulizia sehemu unazozishuku: mdomo wa difu, nyuma ya transfa, chini pale injini inapokutana na giaboksi, na nyuma ya matufe ya ekseli ya mbele, yale ya chuma ya mviringo karibu na magurudumu. Endesha kilomita kumi au ishirini, rudi, washa taa. Dogo, sogeza taa huku. Mnaona? Poda nyeupe, na katikati mstari mweusi umechora njia yake. Fuata mstari huo kwenda juu na kwenda mbele. Pale unapoanzia ndipo penye kosa.

Na kabla hujaondoka hapo, inua macho uangalie sakafu ya bodi juu ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu. Kuna mchirizi wa matone umejipanga kukata upana wa gari, juu kabisa ya flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa kwenye difu. Flenji inazunguka, inarusha oili pande zote. Ukiona alama hiyo huna haja ya kubishana na mtu, sili ya pinioni inavuja.

Halafu gusa na unuse. Oili ya gia inanuka salfa, harufu nzito inayokaa kidoleni hata ukinawa. Ni zile dawa zinazolinda meno ya difu. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tii, na haina harufu hiyo. Nyekundu ni hidroliki ya steringi, na kwa gari zetu za usukani kulia boksi la steringi liko kulia mbele, kwa hiyo oili yake inadondokea ekseli upande wa kulia na watu wanalaumu tufe. Ukikuta oili ya difu ina rangi ya maziwa, maji yameingia.

Pale injini inapokutana na giaboksi kuwa makini zaidi, kwa sababu kushusha giaboksi ya gari hii ni kazi ya siku nzima na migongo ya watu wawili. Ikitoka oili yenye salfa, ni sili ya mbele ya giaboksi, na klachi iko hatarini. Ikitoka nyeusi, watu wanarukia sili ya nyuma ya krenki. Subiri. Pitisha mkono nyuma ya kichwa cha injini, chini ya kava ya tapeti. Kukiwa na oili, huenda ni gasketi ya kava tu imechoka, oili imeshuka mgongoni mwa injini mpaka chini. Badilisha hiyo kwanza. Ni rahisi na unafanya gari ikiwa imesimama chini.

Turudi kwenye difu ya mteja wetu wa sili mbili. Juu ya ekseli kuna hiki kidude kidogo, kipumulio. Difu ikifanya kazi inapata joto, hewa ya ndani inatanuka, na hapa ndipo inapotokea. Hiki kimejaa udongo, kimekuwa saruji. Hewa ikikosa njia inatafuta sehemu dhaifu, nayo ni mdomo wa sili, inasukuma na oili. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ekseli ya moto ukiitumbukiza mtoni inapoa ghafla, hewa inasinyaa, inavuta. Kama kipumulio kimeziba inavuta maji kupitia kwenye sili zilezile. Hivyo ndivyo oili inavyogeuka maziwa.

Kifungue, kisafishe kwa dizeli, kipulize. Valvu yake ikigoma kucheza, badilisha. Mimi kwa gari zinazovuka maji napendelea kuondoa hiki kidude kabisa, naweka nipeli, kijibomba cha kuchomekea mpira, na mpira unaostahimili oili, naupandisha mpaka juu ya chasisi na kuufunga kwa klipu. Acha mpira ulegee kidogo, ekseli inapanda na kushuka.

Sasa tufungue pinioni. Kabla ya kushika bolti yoyote ya difu, legeza bolti ya kujazia, ile ya juu. Namba ishirini na nne. Ikigoma, unajua mapema. Ukianza na ya kumwagia, ukamwaga oili yote, halafu ya juu ikakataa kufunguka, gari haiondoki hapo.

Piga alama kwa rangi: propela na flenji, flenji na shafti ya pinioni, na nati na shafti. Hesabu meno ya shafti yanayoonekana nje ya nati, andika. Sababu ni hii: ndani kuna beringi mbili zimebanwa kwa kipimo maalumu, na difu nyingine zina spesa inayobonyea katikati. Ukikaza nati kupita pale ilipokuwa, spesa inabonyea zaidi, beringi zinabanwa, zinachemka. Difu inaanza kulia wiki mbili baadaye na wewe unashangaa, mbona ulibadilisha sili tu?

Ondoa propela, kisha shika flenji kwa mkono, itikise juu chini. Ikicheza, acha sili. Beringi imekwisha, na sili yoyote utakayoweka itapigwapigwa mpaka ife. Hii haichezi, vizuri. Inyoshe ile sehemu ya nati iliyobonyezwa kwenye shafti, fungua nati, vuta flenji, toa sili ya zamani bila kukwaruza nyumba yake.

Sasa angalieni hapa kwa karibu. Pale mdomo wa sili unapokaa kwenye flenji kuna mfereji mwembamba unazunguka. Pitisha ukucha. Ukucha ukinasa, hapo ndipo sili mbili za jamaa zilipokufa. Sili mpya ilikuwa inakaa juu ya shimo lilelile. Una njia tatu: flenji nyingine, bushi nyembamba ya chuma inayovishwa juu ya mfereji, au kama mfereji ni mdogo sana, unaipiga sili mpya ikae milimita moja au mbili tofauti na ile ya mwanzo ili mdomo upate chuma kisicho na mfereji. Msasa hautoi mfereji, unaongeza tu mikwaruzo. Mfereji wetu ni mkubwa, tunavisha bushi.

Sili mpya paka grisi mdomoni, ile springi ndogo ikae upande wa oili. Igonge polepole kuzunguka, kwa soketi kubwa au kipande cha paipu chenye upana wake. Kabla ya kurudisha nati, paka silikoni kidogo kwenye meno ya flenji na chini ya washa, maana oili inaweza kupita katikati ya meno na kutokea kwenye nati, na hapo utailaumu sili isiyo na kosa. Kaza nati mpaka alama zikutane, ibonyeze kwenye shafti ilivyokuwa, na uzungushe flenji kwa mkono: iwe na uzito uleule wa mwanzo.

Giaboksi na transfa sina mengi, ila jambo moja. Fungua bolti za kujazia za vyote viwili. Ukikuta kimoja oili inamwagika nje na kingine kimepungua, wakati chini hakuna tone, sili iliyo kati yao imeachia na oili inahama. Usiridhike kumwaga na kujaza. Kile kilichopungua kinakaangika.

Twende mbele, huku ndiko kuna kazi chafu. Hili tufe la chuma ndani yake kuna jointi inayozungusha gurudumu huku likikata kona, nayo inaishi kwenye grisi. Oili ya difu inatakiwa ikomee kwenye sili ndogo ndani ya ekseli. Sili hiyo ikifa, oili inapita, inachanganyika na grisi, na kinachotoka nyuma ya tufe ni hiki, chepesi kama uji wa ulezi. Watu wanabadilisha mpira wa nje tu. Mpira huo kazi yake ni kupangusa vumbi na kushika grisi, oili hauwezi.

Ondoa tairi, kalipa ya breki, na kofia ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kuna washa za koni kwenye stadi. Usizichokoe kwa bisibisi, gonga pembeni ya flenji kwa nyundo ya shaba, zitaruka zenyewe. Nati kubwa ya habu inataka soketi ya milimita 54. Ipate. Kuipiga kwa patasi ndiyo chanzo cha chuma kuingia kwenye beringi. Toa habu, spindo ambayo habu inazungukia, kisha shafti na jointi yake.

Kingpini, pini ambazo gurudumu linageukia, za juu na chini zina shimu, vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Ziweke kila moja kwenye karatasi yake, juu na chini zisichanganyike, maana ndizo zinazoweka tufe katikati. Angalia beringi za kingpini pia. Zikiwa na vishimo, usukani utakuwa unanasa pale katikati, na tufe likicheza sili ya ndani haitadumu.

Safisha kila kitu mpaka chuma kionekane. Weka sili ya ndani, weka mipira mipya ya nyuma ya tufe, grisi ya jointi iwe ile ya molibdenamu, nyeusi. Isukume mpaka iingie kwenye gololi zote, kisha jaza tufe karibu robo tatu. Ukirudisha shafti, ishike juu isilale kwenye mdomo wa sili. Meno yake yanakata mpira mpya kwa sekunde moja, na utarudia kazi yote hii.

Lainingi za breki za nyuma zikishalowa oili usizichome wala kuziosha. Nunua nyingine.

Jaza difu kwa oili ya gia ya daraja la GL-5 mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari ikiwa tambarare. Kopo liwe limefungwa kiwandani, siyo la kupimiwa. Giaboksi fuata kitabu cha gari lako, kwa sababu giaboksi nyingine za zamani hazipatani na GL-5. Oili chafu iweke kwenye dumu uwape wanaozikusanya.

Endesha kilomita kumi, simama bila kukanyaga breki sana, na uguse habu zote mbili za mbele na mdomo wa difu. Joto la kawaida mkono unavumilia. Habu moja ikikuunguza na mwenzake imepoa, huenda umekaza beringi kupita kiasi. Rudi ulegeze kabla hujamkabidhi mteja funguo.