Tumbo la Kijana Mwenye Wasiwasi

Ndugu wazazi na walezi, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokubali kuitoa Jumamosi yenu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie kichefuchefu na maumivu ya tumbo yanayowapata vijana kwa sababu ya wasiwasi, na nashukuru kwamba mada hii imekuja wakati moko, yaani mtihani wa majaribio, iko mlangoni na mtihani wa taifa wa kidato cha nne unasubiriwa Novemba, kwa kuwa huu ndio msimu ambao chumba cha unasihi hujaa wanafunzi walioshika matumbo.

Mtoto akilalamika kila Jumatatu alfajiri kwamba tumbo linamkata, kisha mchana akaonekana anakula wali maharage bila shida, nyumbani husemwa kwamba anadeka au anaikwepa shule. Naomba tulisahihishe hilo kabla ya lingine lolote: maumivu yale ni ya kweli, hata kama kilichoyaanzisha ni hofu. Ndani ya kuta za njia ya chakula, tangu kwenye umio hadi mwisho wa utumbo mpana, umetandazwa mtandao wa seli za neva zaidi ya milioni 100, nao huwasiliana na ubongo kupitia neva ndefu iitwayo vagasi, ambayo nyuzi zake nyingi hupeleka habari kutoka tumboni kwenda kichwani. Ubongo unapohisi hatari, mwili humwaga adrenalini na homoni nyingine za dharura, damu hupungua tumboni ikaelekezwa kwenye misuli, tumbo huchelewa kupitisha kilichomo, na hapo ndipo kichefuchefu huanza. Wakati huohuo utumbo mpana huongeza kasi, jambo ambalo linaeleza kwa nini mwanafunzi aliyekuwa mzima jana jioni anakwenda chooni mara tatu kabla ya kengele ya kwanza kugongwa.

Wataalamu wameyaona haya kwa macho tangu zamani. Mwaka 1833 daktari wa Marekani, William Beaumont, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya mtu aliyebaki na tundu tumboni baada ya kupigwa risasi, na miongoni mwa aliyoyaandika ni kwamba hasira na hofu huvuruga usagaji wa chakula. Mwishoni mwa karne hiyohiyo mtafiti wa Marekani, Walter Cannon, akitumia eksirei iliyokuwa imegunduliwa muda mfupi tu, aliona tumbo la paka likisimama kabisa paka huyo alipotaabika, na likianza tena kazi alipotulia. Nako Uingereza, daktari John Apley na mwenzake waliwachunguza wanafunzi 1,000, na mwaka 1958 wakaripoti kwamba takriban mmoja kati ya kumi alikuwa na maumivu ya tumbo yanayojirudiarudia, na kwa walio wengi haukupatikana ugonjwa wowote wa viungo.

Simaanishi kwamba kila tumbo linalouma ni wasiwasi, hasa hapa Dar es Salaam, ambako malaria, homa ya matumbo (taifodi) na minyoo vipo. Mtoto apelekwe kituo cha afya apimwe ipasavyo. Akitapika damu au kitu cha kijani, akipata choo chenye damu au cheusi kama lami, akikonda, akiwa na homa, akiamshwa usiku na maumivu, au maumivu yakihamia chini upande wa kulia na kukaa hapohapo, huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo. Mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, naye asisubirishwe. Msichana aliyekosa hedhi apimwe mimba bila matusi. Heshima yake haipungui kwa kipimo.

Lakini majibu yakirudi safi, tuyaamini. Kinachonisikitisha ni familia inayoanza kuzunguka maduka ya dawa, leo imeuziwa omeprazo kwa jina la vidonda vya tumbo, kesho vidonge vya magnesi vya kutuliza asidi, keshokutwa antibayotiki ya taifodi isiyothibitishwa, na mtoto anameza diklofenaki akiwa hajala kitu, dawa ya maumivu ambayo yenyewe huweza kulichubua tumbo. Kila dawa mpya humwambia kijana kwamba kuna ugonjwa mkubwa ambao haujapatikana, naye humchunguza adui huyo usiku na mchana.

Sasa ngoja niseme na wanafunzi. Mfikirie kijana aliyesimama kituoni Mbagala Rangi Tatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, hajanywa hata chai, mkononi ameshika kipande cha ndimu cha kunusa. Daladala inakuja imejaa, konda anapiga kelele kwamba wanafunzi wasubiri, na mara mdomo wa kijana huyu unajaa mate. Mate hayo ni kinga ya meno na koo dhidi ya asidi endapo mtu atatapika. Mwili unajiandaa tu, na mara nyingi sana hakuna kinachotoka. Kijana akigeuza na kurudi nyumbani, baada ya robo saa tumbo linatulia, na ubongo unajifunza kwamba kilichomwokoa ni kurudi. Kesho yake kichefuchefu huanza mapema zaidi, pengine wakati anavaa soksi. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, ingawa najua hauwapendezi wengi: usingoje tumbo litulie ndipo uende shule. Nenda nalo. Aliyekwisha kukosa wiki nzima anaweza kuanza kwa vipindi viwili, kisha hadi mapumziko, kisha siku nzima, mradi hatua ziwe zimepangwa jioni na zisibadilishwe asubuhi kwa amri ya tumbo.

Ukiwa njiani, pumua kwa tumbo. Weka kiganja juu kidogo ya kitovu, vuta hewa kwa pua ukihesabu moja hadi nne, kiganja kiinuke huku mabega yakibaki chini, kisha itoe kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai, ukihesabu hadi sita. Endelea kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza kasi ya moyo kupitia vagasi ileile niliyoitaja, wakati kupumua harakaharaka kwa kifua huleta kizunguzungu na ganzi za vidole, navyo huzidisha kichefuchefu. Jifunze zoezi hili usiku ukiwa umetulia, kwa sababu anayelijaribu mara ya kwanza katikati ya hofu huliona halifai kitu. Pia usiondoke na tumbo tupu. Nusu kikombe cha uji mwepesi au kipande cha mkate kinatosha. Chapati ya mafuta na kinywaji cha kuongeza nguvu, chenye kafeini yake, viache kwa siku nyingine.

Usingizi ni suala gumu zaidi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na sisi wenyewe tunajua kwamba anayeishi Gongo la Mboto na kusoma Upanga huamka saa kumi alfajiri baada ya kurudi tuisheni usiku. Hapo lawama si ya kijana. Mzazi atazame kama tuisheni ile ya tatu inamwongezea mtoto alama au inamwongezea asidi.

Kwa wazazi nina ombi jingine. Acheni kuuliza kila asubuhi, “Mwanangu, tumbo linaendeleaje?” Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2006, watoto ambao wazazi wao waliwahoji kuhusu maumivu walilalamika zaidi, na wale ambao wazazi wao waliwageuzia mazungumzo walilalamika kidogo, ilhali wazazi wa watoto wenye maumivu walidhani kuwageuzia mazungumzo ndiko kungewaathiri vibaya zaidi. Mwambieni mara moja kwamba mnamwamini, kisha zungumzeni kuhusu mpira. Sala na dua ziendelee, lakini msimpachike kijana jini kwa sababu ya kichefuchefu. Na mwulizeni, wakati ambao hakuna haraka, anaogopa nini hasa: hesabu, fimbo, mwalimu fulani, wenzake wanaomcheka, au jambo baya zaidi ambalo hajapata pa kulisemea. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure, na hospitali za rufaa za mkoa pamoja na Muhimbili huwapokea vijana wenye matatizo ya afya ya akili; kwenda huko si dalili ya kichaa. Tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia imesaidia vijana wengi wenye maumivu ya aina hii.

Walimu wenzangu, katika moko naomba mwanafunzi wa namna hii akalishwe karibu na mlango, aruhusiwe kwenda chooni akisindikizwa bila kuhojiwa mbele ya wenzake, na awe na chupa ya maji mezani. Wengi waliopewa kiti hicho hawatoki kabisa, kwa kuwa kujua kwamba wanaweza kutoka kumeshawapunguzia hofu. Sasa nitapokea maswali, nikianza na wanafunzi; asiyetaka kusimama aandike kwenye karatasi bila jina na kuipitisha mbele.