DVD ya Harusi Inaganda Mwishoni: Tuanzie Wapi?

REHEMA: Karibuni tena. Kuna msikilizaji wetu anapiga video za harusi. DVD anazochoma zinacheza vizuri kwenye kompyuta yake, lakini zikifika kwenye deki ya wateja, wakati wa kukata keki picha inaganda. Kabadilisha diski, tatizo ni lile lile. Kaka Juma, aanzie wapi?

JUMA: Aangalie inaganda sehemu gani. DVD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Deki ikiikataa tangu mwanzo, shaka yangu iko kwenye namna diski ilivyoandaliwa. Ikicheza saa nzima halafu ikagandia karibu na mwisho, naenda kwanza kwenye kasi ya kuchomea.

REHEMA: Kasi inahusikaje na mwisho tu?

JUMA: Ukichagua 16x, yaani mara 16 ya kasi ya kawaida ya DVD, draivu huanzia kama 6x kule katikati, inapanda taratibu, na 16x yenyewe inaifikia ukingoni. Kwa hiyo keki na zawadi ndizo zinachomwa kwa haraka kuliko zote. Kwenye diski hafifu, alama za leza hapo hazikolei. Draivu ya kompyuta inaweza kusahihisha makosa hayo, deki iliyochoka inashindwa.

REHEMA: Ila ana oda ya nakala nyingi, na familia inasubiri.

JUMA: Nakuelewa dada, lakini tupige hesabu. Diski iliyojaa kwa 16x inachukua kama dakika 6. Kwa 8x, kama 8. Dakika mbili tu! Kwa kumbukumbu ya siku ambayo hairudi, sioni sababu ya kuzikimbilia. Na wala simwambii ashuke mpaka chini kabisa, kwa sababu diski nyingi za 16x zinachomeka vizuri kwenye 8x kuliko kasi ndogo mno. Kisha aache programu ihakiki diski baada ya kuchoma. Hilo naomba sana. Bora kosa alione yeye ofisini kuliko bibi harusi mbele ya wageni.

REHEMA: Na zile zinazokataliwa tangu mwanzo?

JUMA: Nyingi ni MP4 iliyotupiwa kwenye diski kama faili la kawaida. Deki za zamani zinataka folda ya VIDEO_TS, na ndani yake video ya MPEG-2, ule muundo wa video wa DVD. Kwetu huku tunatumia PAL, mfumo wa picha za TV, yaani nukta 720 kwa 576. Programu ya DVDStyler inakuandalia yote hayo bure. Ukikuta faili za VOB, zile zinazobeba video ndani ya folda hiyo, zimekatwa vipande vya GB 1, usiziunganishe, ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Na diski ifungwe na programu (finalize) ikimaliza kuchomwa, la sivyo deki nyingi haziioni.

REHEMA: Mimi kinachonikera ni ile GB 4.7 ya kwenye boksi. Faili la 4.5 linagoma kuingia.

JUMA: Boksi linahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja. Windows inahesabu kwa 1,024, ndiyo maana nafasi ileile inaonekana 4.38. Hiyo ya pili ndiyo ya kufuata.

REHEMA: Tumalizie na kunakili. Mteja kaleta DVD ya zamani, ina mikwaruzo, na nakala nyingine hana.

JUMA: Hapo mtu awe mpole kweli. Aifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, asizungushe. Asinakili diski kwa diski moja kwa moja. Kwanza atoe ISO, yaani faili moja lenye nakala ya diski nzima, alihifadhi kwenye hard disk ya kompyuta, achome kutoka hapo.

REHEMA: Na kompyuta ikigoma kusoma?

JUMA: Kwenye kompyuta ya Linux kuna ddrescue, programu ya kuokoa data. Inachukua kwanza sehemu zinazosomeka, kisha inarudia zile ngumu, na inaweka rekodi ya zilizobaki. Kwa rekodi hiyo anaweza kuhamishia diski kwenye draivu nyingine akaendelea palepale. Draivu hazifanani, na mara nyingi kilichoishinda moja, nyingine inakisoma.