Pete ya mguuni na ndege anayekaa kimya Kongo

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Nimepewa dakika 20, nitajitahidi, ila mnanijua.

Kila nikisema Jumamosi naamka saa 11 alfajiri na baridi hii ya Uingereza naenda kuangalia ndege, watu wananicheka, eti wewe mtoto wa Tanga umeshakuwa mzungu. Mimi nacheka nao tu. Nilianza kwa bahati, jirani yangu mzee mmoja mstaafu alinikuta nimezubaa uani naangalia ndege akaniambia njoo wiki ijayo, tunavisha pete.

Sasa ngoja niwaeleze hiyo pete maana ndo stori yenyewe. Wanatega nyavu nyembamba kweli, huzioni mpaka uso unakaribia kugusa, ndege akinasa anatolewa taratibu anatiwa kwenye kamfuko ka kitambaa. Siku hiyo nikapewa kindege kichwa bluu tumbo njano, shingo yake unaipitisha katikati ya vidole viwili, usibane. Gramu 11! Yaani unashika moyo unaodunda na manyoya basi. Halafu ana hasira huyo, alinidonoa pembeni ya ukucha mpaka nikasahau kibaridi. Wanamvisha mguuni kipete chenye namba, wanampima bawa, wanamtumbukiza kichwa chini kwenye kikopo juu ya mizani ndo anatulia, wanaandika namba ya pete, anaachiwa. Dakika chache tu kazi imeisha.

Mambo haya ya pete hapa Uingereza yalianza 1909. Kabla ya hapo kila mtu alijua mbayuwayu wanapotea baridi ikiingia ila wanaenda wapi hasa hakuna aliyejua, zamani kuna waliosema wanalala kwenye tope chini ya mabwawa! Basi Mei 1911 wakili mmoja wa Staffordshire, John Masefield, akamvisha pete mbayuwayu aliyejenga nyumbani kwake. Desemba 1912 huyo mbayuwayu akakamatwa ndani ya nyumba kwenye shamba huko Natal, Afrika Kusini, na aliyemkamata akaona maandishi kwenye pete akaandika barua London. Kilomita kama 10,000 hizo, kwa ndege wa gramu 20 hivi. Na mimi ninachopenda hapo ni kwamba jibu halikutoka kwa profesa, limetoka kwa wakili mwenye kiota nyumbani na mtu wa Natal aliyejisumbua kutuma barua.

Mpaka leo ni hivyo hivyo. BTO, shirika la utafiti wa ndege hapa Uingereza, linategemea watu wa kujitolea, walimu, madereva, wastaafu. Na kila mwisho wa Januari RSPB, shirika la kulinda ndege, wana ile hesabu ya ndege wa bustanini, tangu 1979, unakaa dirishani kwa muda wa saa 1 na chai yako unahesabu. Ila angalieni, huandiki jumla ya waliopita, unaandika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa wakati mmoja, la sivyo shomoro mmoja akija mara 9 utasema una shomoro 9. Mwaka wangu wa kwanza nilikosea hapo hapo, nikajiona nina bustani ya Serengeti.

Sasa ndege mwingine, kekeo. Huyu ndo anayelia "ku-kuu", siku ya kwanza nilidhani mtu anafuga kuku msituni. Wamepungua Uingereza zaidi ya nusu tangu miaka ya 1980, na hesabu za huku pekee hazikutosha kueleza kwa nini, kwa sababu dume anafika Aprili mwishoni na Juni wengi wameshaondoka. Mwaka 2011 BTO wakawafunga 5 tagi ya setilaiti, yaani kifaa cha kuwafuatilia waliko, ya gramu 5, inachajiwa na jua. Mmoja, Chris, walimfuata mpaka 2015. Wakagundua wanapita Sahara wanaenda kukaa misitu ya Kongo, na wanaopitia Hispania wanakufa zaidi njiani kuliko wanaopitia Italia. Ukipiga hesabu ya miezi, huyo ni ndege wa Afrika anayekuja huku kuzaa tu, tena kwenye kiota cha ndege wa aina nyingine!

Nilipiga huo mlio kwenye simu kwa mzee mmoja wa Kisangani, huko Kongo, tunayesali naye. Akasikiliza mara 2, akatikisa kichwa, huyu kwetu hayupo. Nikamwambia yupo mzee, tena miezi mingi, ila akifika kwenu halii kabisa.